Mkono Haujaota

Dorkas alipoitwa mara ya kwanza kwenda kuhakikiwa, alidhani wamekosea mtu. Mkono wake wa kulia ulichukuliwa na mamba pale mwaloni Guta, ufukoni mitumbwi inapotia nanga, asubuhi, watu wakiona, na madaktari wa Bunda wakamalizia kukata kilichobaki juu ya kiwiko. Kijiji kizima kilijua. Hata wavuvi wa visiwani ambao hawakuwahi kumtia machoni walikuwa na habari ya mwanamke wa Guta aliyeng'ang'aniwa na mamba mpaka watu wakampiga yule mnyama kwa makafi ya mtumbwi. Sasa serikali ilitaka kujua nini tena? Akaenda hivyo hivyo. Akafungua blauzi, wakatazama, wakaandika, akarudi nyumbani.

Mara ya pili akaelewa kwamba ndivyo mambo yatakavyokuwa. Kila baada ya miaka kadhaa, wote wanaopata ruzuku ya ulemavu wanaitwa, wanapangwa foleni, wanaulizwa kama hali bado ipo. "Mamba hajaurudisha," alimjibu karani siku hiyo. Karani akacheka, naye akacheka, yakaisha kwa amani.

Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Uhakiki ulifanyika Bunda mjini, mbele ya afisa mmoja mwenye miwani ambaye Dorkas hakuwahi kumwona. Yule bwana hakuutazama upande wa kulia kabisa. Alisema tu, "Lete mkono." Dorkas akampa wa kushoto, maana ndio aliokuwa nao, akidhani anataka kusalimiwa. Afisa akaugeuza, akakipapasa kiganja kwa kidole gumba kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Sugu hizi za nini, mama?"

"Za jembe."

"Kwa hiyo unalima."

"Nalima. Nisipolima tutakula nini?"

Afisa akatikisa kichwa polepole, akaandika neno moja, akamwita mwingine.

Mvua za vuli zilipokaribia, mtendaji wa kijiji akamwita ofisini. Alikuwa kijana wa watu, na habari mbaya ilimpa shida kuitoa. Akamgeuzia karatasi asome mwenyewe. Mbele ya jina lake paliandikwa: Ameondolewa. Anajimudu.

"Hilo neno la mwisho nisomee wewe," Dorkas akasema.

"Anajimudu."

"Maana yake?"

"Maana yake, mama, wameona unaweza kujitegemea."

Dorkas alikunja kitenge chake begani, akatoka, akashika njia ya shambani. Siku ile alilima mpaka jua likamchoma utosi, na kila alipoinua jembe lile neno lilimrudia.

Kujimudu kwake kulikuwa hivi. Jembe lake lilikuwa na mpini mfupi, ameukata mwenyewe, na mwisho wa mpini amefunga kamba ya mpira wa tairi inayozunguka kiwiko cha kushoto, ili jembe lisimponyoke. Kwa namna hiyo aliweza kupalilia mihogo na dengu, tuta baada ya tuta, mgongo ukiwaka moto. Usiku bega lile moja lilimuuma mpaka akalala kifudifudi. Lakini kulima ardhi ngumu mwanzo wa msimu, hapana, mkono mmoja hauwezi. Hapo ndipo ruzuku ilipoingia. Aliitumia kukodi plau na ng'ombe wa jirani, shamba likavunjwa, kisha yeye akamalizia. Mumewe Samwel alikuwa kambini kisiwani akivua dagaa, naye alileta alichopata wakati alipopata. Bila plau, shamba lingebaki robo. Dorkas angeendelea kujimudu kwenye hiyo robo, na watoto wangejimudu kwa uji.

"Kata rufaa," mtendaji alimwambia walipokutana tena. "Kamati inakaa Musoma mwezi ujao. Nitakuandikia barua."

Wifi yake Mary, dada wa Samwel, alipopata habari akaja jioni na kuku mkononi na ushauri mdomoni. Mary hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemlisha Dorkas kwa kijiko miezi ile ya mwanzo, akamsuka nywele, akamfungia kanga. Alipozungumza kuhusu serikali, alizungumza kama mtu anayeijua vizuri.

"Wifi, safari hii nenda umechakaa," akasema. "Vaa lile gauni la kupalilia. Usichane nywele. Wakikuuliza jambo, kaa kimya kwanza, kama hujasikia."

"Mimi nilikatwa mkono, wifi. Masikio ninayo."

"Unafanya mzaha. Mimi nakuambia watu wanavyofanyaga. Na hicho kiganja kiloweke kwenye maji ya moto na chumvi wiki nzima, kilainike. Jembe liache kwanza."

"Na palizi?"

"Palizi itangoja. Serikali haitoi kwa mtu aliyepiga pasi."

Mary alipoondoka, Dorkas aliingia ndani, akalivaa lile gauni la kupalilia, akajitazama kwenye kioo cha Samwel cha kunyolea ndevu. Alikaa pale kitambo. Hakutaka kusema uongo hata kwa nafsi yake: alijaribu. Alilegeza bega, akaangusha mdomo, akatafuta macho ya mtu aliyeshindwa. Akayapata upesi kuliko alivyotarajia. Yalikuwa macho yake mwenyewe ya mwaka ule wa mamba, alipolala hospitalini akiomba asiamke. Ilimchukua muda mrefu kuyaacha macho yale. Kuyarudia kwa hiari, ili afisa mwenye miwani aridhike, lo, hapana.

Akalivua gauni, akatia makaa kwenye pasi.

*

Alifika Musoma siku moja kabla, akalala Nyasho kwa kaka yake Felisian, fundi wa baiskeli, ambaye kuta za uani kwake zimejaa rimu kama mapambo. Asubuhi Felisian akamtafutia bajaji. Dorkas alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano na bluu, lililoshonwa na fundi wa Bunda kwa maelekezo yake mwenyewe: mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi uliofungwa vizuri kwa lisani yenye vifungo, usiopepea wala kufichwa. Kichwani lemba. Felisian akamtazama toka juu hadi chini.

"Unaenda kwenye rufaa au kwenye harusi?"

"Naenda kwa watu," Dorkas akasema.

Kamati ilikuwa imepanga ukumbi kwenye jengo moja la ghorofa mjini. Chini palikuwa na maduka yaliyofungwa na uwanja wa kuegesha magari wenye paa la bati. Ukumbi wenyewe ulikuwa juu. Lifti hakuna, ila ngazi za sementi zilizokunjika katikati, nyembamba, zenye chuma cha kushikia upande mmoja.

Mwanzoni mwa ngazi hizo watu walikuwa wamejaa. Wenye magongo, wenye fimbo nyeupe, mama mmoja amembeba mtoto mkubwa mgongoni, kichwa cha mtoto kikining'inia begani kwake. Karibu kabisa na ngazi ya kwanza alikaa mzee kwenye kiti cha magurudumu, amevaa koti na kofia ya pama, mikono imetulia juu ya mapaja kama yuko kanisani.

Dorkas alimwamkia. Mzee akaitikia, akasema anaitwa Mwikwabe, ametoka Butiama. Zamani alichimba dhahabu Buhemba, mpaka siku kifusi kilipomlalia kiunoni.

"Na wewe wamekuondoa, mzee?"

"Waliniondoa."

"Walisema nini?"

"Kwamba sikufika mbele ya kamati ya uhakiki." Mzee Mwikwabe akaonyesha ngazi kwa kidevu. "Nilifika. Nilikaa hapa nilipo, tangu asubuhi hadi wakafunga. Juu walisoma jina langu, sikuitikia, wakaandika hakufika."

"Hakuna aliyekubeba?"

"Uhakiki wa kabla ya huo walinibeba. Vijana wawili, mmoja kwapani, mmoja miguuni, kama gunia la mihogo. Hapo kwenye kona suruali ikashuka. Mimi nina wajukuu, mama. Walikuwepo watu pale juu wananitazama, na wengine walicheka. Nikasema sitabebwa tena. Wakitaka kuniona, macho wanayo, na miguu wanayo."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. Dorkas akakaa kando yake kwenye ukingo wa sementi.

Juu walianza kuita. Mlinzi wa jengo, bwana mmoja anayeitwa Masatu, alisimama katikati ya ngazi akipokea jina kutoka juu na kulirusha chini. Waliopanda walipanda. Mwenye magongo alipanda kwa kukaa, ngazi moja moja, akijivuta kwa makalio, na magongo yake akayabeba Masatu. Alipofika juu watu wa chini walisikia sauti ikimwambia, "Kumbe unaweza," na mlango ukafungwa.

Dorkas na mzee Mwikwabe wakatazamana.

Aliyefuata alikuwa Jenoveva, mwanamke wa Bunda, mwembamba, mwenye kovu kubwa la moto kutoka shavuni hadi shingoni. Yeye alipanda haraka na kushuka haraka. Alipofika chini akakaa karibu na Dorkas.

"Wameniambia niwaonyeshe," akasema.

"Uwaonyeshe nini?"

"Kifafa. Wamesema daktari hawezi kuandika kitu ambacho hajakiona. Nikawaambia kifafa hakiitwagi, kinakujaga chenyewe. Hili kovu nililipata jikoni, niliangukia moto. Wakasema kovu ni la moto, si la kifafa." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Halafu wakaona cheti changu cha kliniki, kwamba nakunywa dawa. Wakasema basi dawa inanisaidia. Inanisaidia, ndiyo. Siku ikiwepo."

Na ndipo Masatu akaita kutoka katikati ya ngazi: "Dorkas Samwel, Guta."

Dorkas alikuwa na miguu yake miwili mizima. Hilo alilijua, na kila mtu pale alilijua. Angepanda zile ngazi kwa pumzi moja, angeketi mbele yao na gauni lake lililonyooka, angesema yake, na huenda angefanikiwa. Alikuwa ameyapanga maneno tangu Guta. Alisimama kweli. Akatengeneza lemba. Kisha akamwona mzee Mwikwabe akisogeza magurudumu yake nyuma kidogo, kwa adabu, kumpisha apite.

Kile kitendo cha kumpisha ndicho kilichomzuia.

"Niko hapa," akamwambia Masatu.

"Panda, mama. Wanakungoja."

"Waambie nimefika. Niko hapa chini."

Masatu akadhani hakusikika. "Kamati iko juu."

"Nimesikia. Mimi nitaonekana hapa, baada ya huyu mzee. Yeye alikuja kabla yangu."

Masatu akapanda, akashuka na katibu wa kamati, dada mmoja mwenye kitambulisho shingoni na kalamu sikioni. Hakuwa mkali. Alionekana mtu aliyeamka mapema na ambaye bado hajanywa chai.

"Mama, tatizo ni nini? Una maumivu ya miguu?"

"Sina."

"Basi panda tukuhudumie. Ukumbi wa juu ndio una vifaa. Tuna watu wengi."

"Na huyu mzee je?"

"Huyu tutamtafutia vijana wambebe."

"Hataki kubebwa. Mwulizeni, yuko hapa, anasikia."

Katibu akamtazama mzee Mwikwabe, kisha akaangalia pembeni. "Usipopanda itabidi niandike hujafika. Sitaki kukuharibia, mama. Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Andika nimefika nikakaa chini," Dorkas akasema. "Andika na jina la huyu. Sisi ni walemavu, ndiyo maana mmetuita. Mmetuita kwenye ngazi. Anayeshindwa kupanda mnasema hakufika, anayepanda mnasema anajimudu. Sasa ni nani hapa atakayepona kwenu?"

Katibu akapanda. Huku chini Masatu akapewa jina jingine, akaliita: la yule mama mwenye mtoto mgongoni. Mama yule akatazama ngazi, akamtazama Dorkas. Alikuwa ametoka mbali, jasho limemlowanisha, na mtoto alikuwa mzito. Pengine alichoka tu. Akamshusha mtoto, akampakata, akakaa chini. Akasema, "Na mimi niko hapa."

Likaitwa jina la kipofu mmoja wa Kitaji. "Niko hapa," akasema naye, na akapiga fimbo yake kwenye sementi.

Baada ya hapo Masatu aliita majina na kila jina lilijibiwa kutoka pale pale lilipo. Si wote waliopenda. Bwana mmoja mwenye mguu wa bandia alilalamika kwamba wanamchelewesha, kwamba gari la kurudi kwao ni moja, akapanda peke yake akinung'unika. Hakuna aliyemzuia. Alirudi baada ya muda mfupi. Alisema juu wanabishana wao kwa wao na hawakutaka hata kumsikiliza. Akatafuta kivuli, akakaa na wenzake.

Dorkas alikuwa na hofu. Moyo ulimdunda mpaka akausikia kwenye kile kipande cha mkono kilichobaki. Alifikiria shamba, alifikiria plau, alifikiria atakavyomwambia Samwel kwamba aliitwa akakataa kwenda. Hofu ilimwambia bado hajachelewa, panda, omba radhi. Akaikalia pale pale kwenye sementi.

Aliyeshuka kwanza alikuwa daktari wa kamati, kijana mwenye shati jeupe, amebeba kiti cha plastiki kichwani na mafaili kwapani. Akakiweka kiti chini ya paa la maegesho, akamwambia Masatu alete meza. Kisha akashuka katibu. Mwisho kabisa akashuka mwenyekiti, mtu mnene wa makamo. Goti lake lilikuwa bovu. Alishuka kiubavu, ameng'ang'ania chuma kwa mikono yote miwili, akipumzika kwenye kona, uso umekunjamana. Watu waliokuwa chini walimwona. Hakuna aliyecheka. Kipofu wa Kitaji, aliyesikia zile hatua, akauliza nani huyo anaumwa, akaambiwa ni mwenyekiti, akasema, "Pole yake."

Alipoketi, mwenyekiti alijifuta jasho kwa leso. "Mmetufanya tuonekane watu wabaya," akasema, akimtazama Dorkas.

"Sikuja kwa ajili hiyo, mheshimiwa. Aanze mzee."

Mzee Mwikwabe akasukuma magurudumu yake hadi mezani, mwenyewe. Daktari akampima miguu, akasoma cheti chake cha hospitali, mwenyekiti akauliza swali lililokuwa kwenye fomu: tangu uhakiki uliopita, kuna mabadiliko yoyote katika hali yake?

"Yapo," mzee akasema. "Nimezeeka."

Hapo hata katibu alitabasamu.

Ikafika zamu ya Dorkas. Daktari, kwa sauti ya chini, akasema samahani, inabidi auone mkono. Uwanja ulikuwa wazi, watu pande zote, na barabarani waliokuwa wakipita walianza kusimama. Dorkas ndiye aliyetaka mambo yafanyike chini, na sasa chini palikuwa hadharani. Uso ukamwaka. Lakini kabla hajasema lolote, Jenoveva alikuwa ameshavua kanga yake ya juu na kuishika upande mmoja. Yule mama mwenye mtoto akashika upande wa pili, wanawake wengine wakaongeza vitenge vyao, pakawa chumba. Daktari akaingia peke yake. Akatazama, akagusa kwa adabu, akasema asante, akatoka. Dorkas akafunga lisani yake.

Mwenyekiti alikuwa anasoma faili. "Taarifa ya Bunda inasema unalima."

"Nalima."

"Unapalilia, unavuna, unapika."

"Na nafua. Hilo hawakuandika."

"Sasa nisaidie, mama. Ruzuku ni ya watu wasioweza. Wewe unaweza. Kuna watu wanatudanganya, usidhani tunapenda kazi hii. Tumeshamkamata mtu amefunga bandeji kwenye mkono mzima."

"Huyo mlimwona, mkamwondoa. Sawa. Na mimi mnanionaga kila mnaponiita, na mkono haujaota." Dorkas akaweka kiganja chake mezani, kikitazama juu. "Hizi sugu ni zangu, sizifichi. Niliambiwa nizilainishe kwa maji ya moto, nikakataa. Kazi ya mikono miwili inafanywa na huu mmoja, ndiyo maana uko hivi. Hela yenu inavunja ardhi, mimi namalizia. Mkiiondoa sitakaa nisubiri kufa, nitalima kile kidogo nitakachoweza. Lakini msiandike kwamba najimudu kwa sababu mmekuta sijalala. Mlitaka mnikute nimelala?"

Mwenyekiti alikitazama kile kiganja muda mrefu. Kisha akasema majibu yatapelekwa vijijini, akamwita anayefuata. Dorkas akarudi kukaa, na hakuondoka mpaka wa mwisho alipoonwa. Wengine aliwashikia vitenge.

*

Majibu yalifika dengu zikiwa zimeanza kutoa maua. Mtendaji safari hii hakumwita ofisini. Alimfuata mwenyewe kwa pikipiki. Amerudishwa. Mzee Mwikwabe naye alipiga simu kutoka Butiama: amerudishwa. Chini ya jina la Dorkas palikuwa na mstari mwingine, kwamba atahakikiwa tena baada ya miaka miwili. Mtendaji aliusoma kwa haraka, kama mtu anayepita penye harufu.

"Wakija watanikuta," Dorkas akasema.

Mary alipiga vigelegele, akasema kumbe na pasi nayo inasaidia. Samwel akapiga simu kutoka kisiwani, sauti ikikatika kwa upepo, akauliza ni kweli alimkatalia mwenyekiti mbele ya watu. Alipoambiwa ni kweli akasema angependa angekuwepo.

Siku ya gulio Dorkas alipeleka mihogo Bunda, akamtafuta Jenoveva kwenye nyanya anazouza. Alimkuta amekaa kwenye ndoo, na kando ya lile kovu la zamani palikuwa na kidonda kipya, juu ya nyusi. Dawa zilikosekana kliniki, akaanguka akichota maji kisimani.

"Wewe umerudishwa," Jenoveva akasema. "Nimesikia, nimefurahi."

"Na wewe?"

"Mimi hapana. Wameandika hakuna dalili."

Dorkas alikaa chini pembeni yake. Wateja walikuja, akawapimia nyanya kwa mkono wake, Jenoveva akapokea hela. Walipofunga, Dorkas akasema, "Jumatatu nitapita kukuchukua. Mapema."

"Twende wapi?"

"Musoma."

"Dada, wewe yako yameisha. Wakikasirika wakakuondoa tena je?"

"Wameshaniondoa mara moja. Najua kunafananaje."

Jumatatu wakapanda mchomoko, ile gari ndogo inayobeba watu kama dagaa, Dorkas amekaa upande wa mlango ili Jenoveva asiwe karibu na kitasa. Felisian aliwapokea stendi, akawapeleka kwenye ofisi walizotajiwa, safari hii nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Mzee Mwikwabe alikuwa ameshafika. Alifunga safari bila kuambiwa na mtu aje. Alisema tu kwamba alisikia wanakuja.

Ndani walimkuta yule yule katibu mwenye kalamu sikioni. Aliwatazama watatu hao, akawakumbuka, mabega yakamshuka.

"Mama, wewe si umerudishwa? Umefuata nini?"

"Nimemsindikiza huyu. Mlimwambia awaonyeshe. Kidonda hiki cha juzi, mwangalieni. Na daktari aandike kwamba dawa hazipatikani."

"Lakini kamati ya rufaa imeshavunjwa. Ilikuwa ya mwezi ule tu. Mpaka iundwe nyingine."

"Lini?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Haya," Dorkas akasema. "Tutangoja iundwe."

Katibu alifikiri ni maneno tu. Lakini Dorkas alishageuka, akavuta benchi lililokuwa katikati ya korido na kulisukuma hadi kwenye kona, penye mkeka wa plastiki. Akatandika kanga yake chini, mbele ya benchi, ikiwa imekunjwa mara kadhaa. Akamkalisha Jenoveva upande wa ukutani, yeye akakaa upande wa nje, na mzee Mwikwabe akaweka breki magurudumu yake mbele yao, ili mtu akianguka asigonge kichwa kwenye sementi.